Mwenye Baridi Ajifunike

Jioni hiyo Mama Pasi alipanda ngazi za jengo lao akiwa na bili mbili mkononi, ya umeme na ya gesi. Kila alipofika kwenye kona ya ngazi alisimama akazisoma upya, labda namba zitaona haya zipungue. Hazikupungua. Alipofika ghorofa ya tatu alikuwa na hasira za kutosha kuupiga teke mlango wake mwenyewe.

Alikuwa mpiga pasi kwenye duka la dobi, na jengo zima lilimwita kwa kazi yake. Kutwa alisimama kwenye mvuke, jasho likimtiririka mgongoni, akinyoosha mashuka ya watu asiowajua. Nyumbani pasi hata hakuwa nayo. Aliapa hataishika tena akishavuka kizingiti, na mumewe alikwenda kazini na sare yenye makunyanzi. Mtu wa namna hiyo hajui baridi ni nini. Akirudi hufungua madirisha, huvua viatu, hukanyaga sakafu kwa raha. Likumbukeni hilo, maana lingekuwa jambo dogo tu kama lisingeua mtu.

Mlango ulipofunguka mtoto alimrukia kiunoni. Alikuwa binti wa miaka minne, na kwa jinsi alivyokuwa haufungi mdomo walimpa jina la Chiriku.

"Mama, bibi leo kaniimbia, halafu kauimbia na ukuta, halafu nikala ndizi, halafu..."

Mama Pasi alimbeba mkono mmoja, bili ziko mkono wa pili. Kutoka jikoni akatokea mama mkwe wake, bibi kizee mwembamba mwenye vifundo vya vidole vilivyovimba, akinyoosha mikono yote miwili.

"Nipe mimi mtoto, mama. Wewe umechoka."

Ndivyo alivyosema kila jioni. Na kila jioni Mama Pasi alimkabidhi mtoto bila hata kutazama, kama mtu anayetundika koti msumarini.

Mumewe alikuwa chumbani akifunga vifungo vya sare. Alikuwa mlinzi wa ghala, zamu ya usiku, mtu wa maneno machache na kumbukumbu ndefu. Mama Pasi aliufunga mlango nyuma yake, akamwekea zile karatasi kitandani.

"Ni mama yako."

"Una hakika?"

"Nani mwingine, baba Chiriku? Mimi nashinda kazini. Wewe mchana unalala. Tuna jokofu moja, taa, na hiyo redio yako, lakini bili kama tuna kiwanda. Tulihamia hapa kwa ajili yake, na tangu tuhamie ndiyo mambo haya. Kikulacho ki nguoni mwako."

Mume alizitazama bili kwa muda mrefu. Kusema kweli alimpenda mama yake, na alimwogopa mkewe, na mtu aliyekaa kati ya hayo mawili husema neno la kuahirisha.

"Nithibitishie. Ukinithibitishia, nitampeleka kwa dada."

Akaondoka. Na Mama Pasi akabaki amesimama pale, anatabasamu peke yake. Hicho tu ndicho alichokuwa anakitaka tangu mwaka ulipoanza: yule bibi kizee atoke. Mama mkwe hakuwa amemkosea. Alimuudhi tu, kwa kikohozi chake kikavu, kwa kupika vizuri kuliko yeye, kwa mtoto kumkimbilia yeye akiota ndoto mbaya. Vikombe vya kabati moja havikosi kugongana, lakini vingine hugongwa makusudi.

Jua lilikuwa linazama. Nyumba ilianza kuingia giza.

Ndipo aliposikia.

Sssss...

Alinyata hadi jikoni. Palikuwa pembamba, watu wawili hawapishani bila kuombana radhi. Jiko la gesi lilikuwa linawaka, pleti zote nne, moto wa bluu umepandishwa hadi mwisho. Hapakuwa na sufuria hata moja. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda mwisho wa jiko, mgongo kaegemeza ukuta, Chiriku mapajani. Palinuka gesi. Na chini ya gesi palinuka kitu kingine, ambacho pua ya kazini ilikitambua mara moja: nguo zilizokunjwa na kufungiwa kabla hazijakauka.

"Mama, unapika nini?"

"Sipiki, mwanangu."

"Sasa?"

Bibi kizee alishusha sauti. "Jua likizama anapata baridi."

"Nani?"

Bibi kizee aliinua kidevu kidogo tu, akaelekeza nyuma yake, ukutani.

Mama Pasi alicheka. Alicheka hasa, akashika mlango.

"Usicheke, mama. Zamani alitosheka na ule umeme wake. Siku hizi haumtoshi. Nikiwasha moto, anatulia. Nisipowasha... anamtafuta mtoto. Juzi nilikuta vidole vya Chiriku vyeupe kama vya maiti."

"Vizuri, mama. Endelea kuwasha."

Akatoa simu, akapiga picha: pleti nne zinawaka, hakuna chungu, na bibi kizee kando yake na macho ya hofu. Akaituma kazini kwa mumewe kabla moto haujazimwa. Ushahidi haukumgharimu hata jasho.

Lakini mume alipoiona asubuhi, aliuliza swali ambalo Mama Pasi hakulitarajia. "Hii ni gesi. Na umeme je?"

Basi akaitwa fundi.

Fundi umeme alikuja mchana wa siku ya mapumziko ya Mama Pasi, mtu mnene mcheshi, bisibisi kaichomeka nyuma ya sikio kama kalamu. Aliwaambia wazime kila kitu, jokofu wachomoe, redio wachomoe. Kisha akatoka kwenye korido kutazama mita.

"Mama, hii inakimbia."

"Haiwezekani."

"Njoo uione. Inakimbia kama inadaiwa."

Wakafungua kisanduku cha swichi kilichokuwa juu ya mlango wa jikoni. Mpangaji wa zamani alikuwa ameandika kwa penseli chini ya kila swichi: sebule, chumbani, jikoni, choo. Ya mwisho haikuandikwa kitu. Ilikuwa imezungushiwa utepe mweusi, raundi juu ya raundi, ikiwa imewashwa.

Fundi aliukwaruza ule utepe kwa ukucha. "Aliyefanya hivi hakutaka mtu aizime." Akaufuata waya kwa macho hadi mwisho wa jiko, ulipozama ukutani. Akaweka kiganja pale. Akakiondoa. Akakirudisha taratibu.

"Ukuta una joto," alisema. Ucheshi ulikuwa umemtoka. "Una joto kama mtu."

Akagonga kwa kifundo cha kidole. Sauti ilijibu ya utupu.

"Nyuma pana uwazi, mama. Tungetoa tofali mbili tuone kuna nini."

"Usizime, mwanangu." Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, Chiriku kamng'ang'ania sketi. "Nakuomba kwa mzazi wako. Usimzimie."

Fundi alimtazama Mama Pasi. Mama Pasi hakugeuka hata kumwangalia bibi kizee.

"Zima."

Ta.

Mita ikasimama. Nyumba nzima ikanyamaza, na katika ule ukimya, nyuma ya tofali, kitu kilijigeuza. Polepole. Kama mtu aliyelala upande mmoja muda mrefu, anayeamka na kujiuliza nani kamvuta shuka.

"Panya," alisema Mama Pasi.

Fundi alianza kukusanya vifaa vyake.

"Usiishie kuzima. Kata waya kabisa, usije ukawashwa na mtu."

Alikata. Alifanya haraka, akashuka ngazi bila kusubiri chai. Bisibisi aliisahau juu ya kigoda na hakuifuata tena.

Sasa, mtu mwenye haki moyoni angemwambia mumewe jioni ile: umeme haukuwa wa mama, ulikuwa wa ukuta, tumemsingizia. Mama Pasi alisema, "Umeme fundi kautengeneza. Imebaki gesi, na mwizi wa gesi umemwona kwa macho yako." Kisha akaingia jikoni akavichomoa vishikio vyote vinne vya kuwashia jiko, akavitumbukiza kwenye mkoba wake wa kazini.

"Mpaka siku ya kumpeleka kwa dada yako," alimwambia mumewe. "Nitakuwa navirudisha mimi nikirudi, wakati wa kupika. Usipoziba ufa utajenga ukuta."

"Na chai yake ya mchana?"

"Nimemwachia kimoja."

Hakumwachia. Na kwa kuwa bibi kizee angeweza kwenda kwa majirani kueleza kwamba ananyimwa hata maji ya moto, kila alipotoka alifunga mlango kwa nje akauchukua ufunguo. Mume alikuwa akilala mchana kutwa kama gogo, na jioni akitoka kwa ufunguo wake aliambiwa afunge pia, mtoto asije akatoka akaanguka ngazini. Alifunga. Hakuuliza.

Tangu siku ile nyumba ilibadilika. Ukuta wa jikoni ulianza kutoa jasho, maji yakichuruzika hadi sakafuni. Siagi iliyoachwa mezani iliganda ikavunja kisu. Nje watu walitembea na leso za kufutia jasho, lakini ndani Chiriku alivaa sweta mbili, na maneno yake yakapungua, yakawa ya mtu anayehifadhi pumzi. Mama Pasi aliona hewa safi tu. Alifungua madirisha.

Bibi kizee alimfuata mlangoni asubuhi moja, ameshika mkono wake kwa vile vidole vyenye vifundo.

"Kimoja tu, mwanangu. Nakuomba. Kabla jua halijazama nitawasha, wewe ukirudi nitazima. Hata bili niko tayari niuze kanga zangu nilipe. Anatoka sasa. Jana alifika hadi mlango wa chumbani."

"Mama."

"Naam, mwanangu."

"Mwenye baridi ajifunike."

Akatoka, akafunga. Kwenye ngazi vishikio vilikuwa vikigongana mkobani, kengee, kengee, na aliipenda sauti ile. Alikuwa na furaha ya mtu aliyeshinda. Naliandika hili kwa uchungu, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Jioni hiyo kazini pakaletwa mashuka ya hoteli yanayotakiwa usiku uleule. Mwenye duka aliuliza nani atabaki. Mama Pasi alinyoosha mkono. Jua lilizama yuko kwenye mvuke, mkoba umening'inia msumarini, na kila mashine ilipotikisa ukuta vishikio vilitikisika ndani yake.

Aliporudi taa za ngazi zilikuwa zinawaka. Aliweka ufunguo tunduni, akashtuka. Kitasa kilikuwa cha baridi hadi kikamshika ngozi.

"Mama?"

Aliusukuma mlango.

"Chiriku?"

Harufu ilimpokea kwanza. Nguo mbichi. Nguo zilizofungiwa.

Alimkuta jikoni, kwenye kigoda chake, ameegemea ule ukuta. Alikuwa amejifunga kila kitu cha nyumba ile, mablanketi, mapazia, hata zulia la mlangoni, na alikuwa amevifunga vyote kwa mbele, kumzunguka mtoto aliyekuwa kifuani kwake. Mgongo wake aliuacha na blauzi tupu. Mgongo aliutoa.

Chiriku alikuwa hai, ana joto, analowa jasho la usingizi. Ilibidi Mama Pasi aibandue mikono ya bibi kizee kidole kimoja kimoja ili amtoe mtoto.

Mwanamke aliyekuja kuosha maiti aliuliza saa ngapi marehemu alifariki. Alipoambiwa, alitikisa kichwa. "Mtu hapoi upesi namna hii. Huyu ni kama mmemtoa kwenye barafu." Aliuliza pia kuhusu vidole. Ncha zote zilikuwa zimechubuka hadi nyama. Mama Pasi alijua. Jiko likichomolewa vishikio hubaki vyuma vinne vidogo, vyembamba, vinavyoteleza.

Alilia vizuri msibani. Watu walisema hawajawahi kuona mkwe anayelia hivyo.

Bili zilizofuata zilikuwa ndogo mno hadi mume alidhani kuna kosa. Mama Pasi alizibandika mlangoni pa jokofu. Ukuta ulikauka. Sakafu ikarudi kuwa sakafu. Ilikuwa kama kuna aliyekula akashiba.

Lakini shibe nayo huisha.

Jioni moja alimkuta Chiriku jikoni, sikio kaliweka ukutani. Mtoto yule alikuwa hasemi tena, tangu msiba hakutoa neno. Sasa midomo ilikuwa inacheza.

"Unafanya nini hapo?"

"Bibi ana baridi," mtoto alinong'ona. "Wote wawili wana baridi."

Mama Pasi alimvuta mkono. Vidole vilikuwa vyeupe.

Kesho yake alimtafuta msimamizi wa jengo, mzee aliyekaa kwenye kiti chake mlangoni pa chini tangu jengo lijengwe, akamuuliza nani aliishi pale kabla yao.

"Bwana mmoja na dada yake," alisema msimamizi. "Dada alikuwa mgonjwa. Mchana wa jua kali anatetemeka. Pale mwisho wa jikoni palikuwa na stoo, ndimo alimowekewa kitanda na hita. Halafu siku moja yule bwana akaleta tofali na saruji. Akasema dada kaenda kwao kupona."

"Ulimwona akishuka?"

"Mimi nakaa hapa kutwa, mama. Sikumwona akishuka."

"Na hukuuliza?"

Msimamizi alionekana kushangaa. "Niulize nini? Bili zake alilipa kwa wakati."

Mama Pasi alimpigia fundi. Simu ilipokewa na mkewe. Alisema mzee yuko kitandani tangu wiki aliyokata ule waya, mablanketi matano, anatetemeka, hospitali zote hazioni ugonjwa. Alisema ukimsogezea sikio anarudia neno moja tu, nisamehe, na hawajui anamwomba nani. Akauliza kama Mama Pasi ndiye mwenye ile nyumba. Mama Pasi alikata simu.

Basi alivirudisha vishikio. Nini kingine angefanya? Alimwomba mumewe wahame, mume akamtazama kwa ule utaratibu wake.

"Tuhame sasa, bili imeshuka?"

Kila jioni, mume akishatoka tu, alikimbilia jikoni akawasha pleti zote nne. Sssss... Akakaa kwenye kigoda kilekile, mtoto mapajani, akisikiliza ukuta ukitulia. Akiwahi, vidole vya Chiriku vilikuwa vyekundu. Akichelewa hata kidogo, vilianza kufa kuanzia ncha. Kazini alikuwa haombwi tena kubaki jioni, alitoka mbio hata mashine haijapoa.

Bili ilipanda. Mwezi uliofuata ilipanda zaidi.

Jioni ambayo mambo haya yalikuwa yanaielekea muda wote, alimkuta mumewe amesimama sebuleni na sare, kofia mkononi. Alikuwa hajaondoka. Jua lilikuwa limebaki kidogo kwenye vioo vya jengo la mbele.

"Ni nani anawasha gesi?" mume aliuliza.

"Baba Chiriku..."

"Mama yangu hayupo. Nani mwingine?"

Alikunjua kiganja. Vishikio vyote vinne vilikuwa mle.

"Nirudishie," Mama Pasi alisema. "Nitakueleza kila kitu, lakini nirudishie kwanza. Jua linazama."

"Uliniambia ulimwachia kimoja."

Mama Pasi alikinyooshea mkono kile kiganja. Mume akakifumba.

"Siku ya msiba nilitaka kuwachemshia watu maji. Nikakuta vyuma vinne vitupu. Vina damu. Vishikio vilikuwa kwenye mkoba wako, vyote." Sauti yake haikupanda. Alikuwa amelibeba neno hilo kwa miezi, na sasa alikuwa analitua tu. "Na mimi ndiye niliyefunga ule mlango jioni ile. Kwa mkono wangu. Kwa sababu uliniambia."

"Utanipiga baadaye. Utaniacha, uniache. Lakini mtoto ataumia, baba Chiriku, sikiliza, kuna kitu mle ukutani, mama yako alikuwa anasema kweli, hakuwa mwizi..."

"Sasa unasema."

Alivitia vishikio mfukoni, akauchomoa na ufunguo wa mkewe uliobaki tunduni. Akavaa kofia. Mlangoni aligeuka.

"Mwenye baridi ajifunike," alisema.

Ufunguo ulizunguka mara mbili.

Mama Pasi aliugonga ule mlango hadi mikono ikafa ganzi. Alimpigia mumewe simu, ikaita bure. Redio za majirani zilikuwa zinapiga muziki. Alikimbilia jikoni, akashika chuma cha kwanza kwa vidole, kikateleza. Cha pili. Akakishika kwa meno. Akatumia bisibisi ya fundi, ikachora chuma tu, ikateleza, ikamchana kiganja. Alitafuta kitu chochote cha moto ndani ya nyumba ile, akakumbuka pasi, akakumbuka kwamba hana. Alicheka kwa sauti ambayo hakuijua.

Ukuta ulianza kutoa jasho.

Akamkumbatia Chiriku, akakusanya mablanketi, wakajibana sebuleni kwenye kona ya mbali kabisa. Mwanga wa mwisho ukatoka kwenye vioo vya jengo la mbele.

Harufu ikaja. Nguo mbichi.

Kisha baridi ikaingia kwa miguu, ikitambaa sakafuni, bila haraka. Kwa mara ya kwanza maishani mwake Mama Pasi aliijua baridi. Haikuwa hewa. Ilikuwa na vidole. Ilimshika kwenye visigino, ikapanda, ikakaa kwenye mgongo wake na kuanza kunywa.

Alijua la kufanya. Alikuwa ameliona. Ni kuinamia mbele tu, kumfunga mtoto kifuani, na kuutoa mgongo. Bibi kizee wa vifundo vya vidole, asiye na nguvu hata ya kufungua kopo, aliliweza.

Yeye alivumilia kidogo. Alivumilia kidogo tena.

Kisha akageuka.

Hakufikiri. Mwili ulifikiri. Mgongo wake ukapata ukuta wa kona, na mtoto akawa mbele, upande wa giza, kama ngao. "Kidogo tu," alimwambia mtoto sikioni, meno yakigongana. "Mama apumzike kidogo tu, halafu tunabadilishana."

Chiriku hakulia. Alikuwa anatazama jikoni.

Kule ndani mtu alikohoa. Kikohozi kikavu, cha mtu mzima anayejaribu kutowaamsha watu. Kigoda kikasogezwa. Hatua zikaja, za kuburuta, hatua ambazo nyumba ile ilizizoea, zikasimama mbele yao, karibu sana, mahali ambapo hapakuwa na mtu.

"Bibi," alisema Chiriku, na akacheka.

Na sauti ikasema taratibu, kwa upole uleule wa kila jioni:

"Nipe mimi mtoto, mama. Wewe umechoka."

Ni kweli alikuwa amechoka. Na mikono ya Mama Pasi, kwa mazoea tu, bila yeye kutazama, ikanyooka.